Kalambo: Maporomoko yaliyozidi Victoria kwa urefu, jirani na Sumbawanga

Ukitaja maporomoko ya maji, wengi watakutajia Materuni ya Kilimanjaro au Victoria, kule mpakani mwa Zambia na Zimbabwe. Wachache watakumbuka kwamba Rukwa kuna maporomoko yenye urefu zaidi ya mara mbili ya Victoria.

Ni Maporomoko ya Kalambo, wilayani Kalambo, wilaya iliyomegwa kutoka Sumbawanga Vijijini. Na kama hujawahi kufika, haya ndiyo ya kujua.

Ni marefu kiasi gani?

Vipimo vinavyotajwa ni kati ya mita 221 na 235. Victoria ina mita 108 hivi. Ni kweli Victoria ni pana mno, Kalambo ni membamba. Ila hapa maji yanashuka kwa mkupuo mmoja, bila kugonga ngazi ya mwamba katikati. Kwa sifa hiyo, Kalambo hutajwa kuwa ya pili Afrika baada ya Tugela ya Afrika Kusini.

Sababu ni Bonde la Ufa. Mto Kalambo unatiririka taratibu juu ya nyanda, unafika ukingoni, ghafla ardhi inaisha. Baada ya kuanguka, maji hupita kwenye bonde jembamba lenye kuta ndefu hadi Ziwa Tanganyika.

Unafikaje?

Kutoka Sumbawanga unashika barabara ya lami ya Matai hadi Kasanga. Matai ndiyo makao makuu ya wilaya, na magari ya abiria yapo. Kutoka hapo unaelekea Kijiji cha Kapozwa. Kama huna usafiri wako, panga gari au bodaboda ya kukupeleka na kukurudisha, usitegemee kupata ukifika.

Upande wa Tanzania unasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Ulizia ofisi zao kuhusu kiingilio na mtu wa kukuongoza kabla hujaanza safari. Mto wenyewe ndio mpaka, kwa hiyo ng'ambo ni Zambia. Usivuke kienyeji, njia halali ni kituo cha mpakani, kama Kasesya.

Uende lini?

Ukitaka maji ya kutisha, nenda kati ya Februari na Mei. Kuelekea Oktoba maji hupungua sana. Lakini kiangazi nacho kina chake: ndege wakubwa aina ya marabou huzalia kwenye kuta za miamba, jambo lisilo la kawaida kwao, maana kwingine hujenga viota juu ya miti.

Tahadhari moja: mwamba wa ukingoni huteleza. Hakuna selfi yenye thamani ya mita 200.

Magogo ya miaka 476,000

Watu wengi huja kwa ajili ya picha, bila kujua kwamba jirani na hapo historia ya binadamu iliandikwa upya.

Mwaka 1953 mwanaakiolojia J. Desmond Clark aligundua eneo la kale juu kidogo ya maporomoko. Alipata zana za mawe na hata vipande vya miti, ila umri wa miti hiyo haukuweza kupimwa vizuri kwa utaalamu wa wakati huo.

Mwaka 2019 timu iliyoongozwa na Profesa Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool ilichimba tena, upande wa Zambia. Wakakuta magogo mawili, moja limelala juu ya jingine, na la juu limechongwa pengo ili likae sawasawa. Kwa kupima ni lini chembe za mchanga uliolizunguka ziliona mwanga wa jua mara ya mwisho, walipata umri wa miaka 476,000 hivi. Matokeo yalitangazwa Septemba 2023.

Hiyo ni kabla ya binadamu wa aina yetu, ambaye mabaki yake ya kale zaidi yana miaka 300,000 hivi. Yaani kuna viumbe waliotutangulia waliokuwa tayari wanajua kuunganisha magogo.

Mbona hayakuoza?

Maji. Magogo yalifunikwa na mchanga na tope lililolowa muda wote, hewa haikupenya, wadudu na vimelea vya kuozesha havikupata nafasi. Laiti pale pangekauka, leo kusingekuwa na kitu.

Hapo ndipo mkulima wa Ufipa anapoingia. Mto Kalambo hujikusanya kutoka vijito na mabonde ya nyanda hizi, ambako mahindi hulimwa kila mwaka. Msitu ukikatwa na shamba likafika ukingoni, mvua hubeba udongo badala ya kuzama ardhini, na kijito hukauka mapema.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Wengi huiona kama sheria ya kuwabana wakulima tu. Kwa Kalambo, mita hizo 60 ndizo zinazolinda maporomoko yenyewe, na pia chochote kingine ambacho bado kimelala kwenye tope kikisubiri kuchimbwa.

Kwa hiyo ukipanga safari, usiishie ukingoni. Njiani angalia vijito unavyovuka: ndivyo vinavyokwenda kuanguka pale.