Kundi la Maslahi Halipimwi kwa Kura

Swali ni lile lile, na huja kila shule inapojiandaa kufanya uchaguzi wa urais wa kuigiza: "Kila kundi tulipe kura ngapi?" Walimu wa Historia na Serikali huniuliza, wenzao wa sekondari ya msingi huniuliza, na wanafunzi ambao wamekwisha kujigawa kuwa wafanyakazi, wakulima, wenye viwanda, bodaboda na viongozi wa dini nao huja kuuliza nani ana mtaji mkubwa zaidi wa kura. Kisha mchezo huenda hivi: wagombea wanahutubia, kila kundi linatangaza linamuunga mkono nani, kura zinahesabiwa, rais anaapishwa kwa makofi, kengele inalia. Kundi lililokuwa upande wa mshindi linapewa alama zote.

Mwanafunzi anatoka hapo akijua kidogo kuhusu vyama vya siasa. Kuhusu makundi ya maslahi ametoka na uongo, na atauchukua hadi siku atakapopiga kura ya kweli.

Kundi la maslahi halitafuti kiti. Linatafuta uamuzi, na mara nyingi uamuzi wenyewe ni mdogo kiasi kwamba magazeti hayauandiki: kifungu kimoja cha mswada, kiwango kimoja cha ushuru, tarehe ya kuanza kutumika kwa kanuni fulani. Anayeshika urais anabadilisha mlango wa kubisha. Haibadilishi shida iliyolifanya kundi libishe. Kwa hiyo mchezo unaokoma siku ya kuapishwa umekoma pale ambapo kazi ya makundi haya huanza kunoga.

Imani ninayotaka kuing'oa ni hii, kwamba kundi lenye watu wengi ndilo lenye nguvu. Niliichoka zamani, na sioni sababu ya kuendelea kuibembeleza, kwa kuwa historia yetu ya karibuni imeipinga mbele ya macho yetu.

Chukua sheria ya riba. Mwaka 2016 Jude Njomo, aliyekuwa mbunge wa Kiambu Mjini, alipeleka bungeni mswada wa kuzuia benki kutoza riba inayozidi kiwango cha Benki Kuu kwa zaidi ya asilimia 4. Wazo halikuwa geni; Joe Donde wa Gem alijaribu jambo la namna hiyo miaka ya mwanzo ya 2000 na sheria yake ikakwamia mahakamani. Safari hii Chama cha Mabenki kilipinga kwa nguvu zote, kikaonya, kikaahidi kujirekebisha chenyewe. Haikusaidia. Uchaguzi mkuu ulikuwa umebakiza chini ya mwaka mmoja, wakopaji walikuwa mamilioni, na hasira yao dhidi ya riba ilikuwa ya kweli. Tarehe 24 Agosti 2016 Rais Uhuru Kenyatta alitia saini.

Mwalimu wa "kila kundi kura ngapi" angefunga daftari hapo. Wengi wamewashinda wachache, somo limekwisha. Lakini lilikuwa halijaisha hata nusu.

Benki za Kenya hazifiki hamsini. Zina ofisi ya pamoja, wachumi wanaolipwa mshahara kusoma kila mswada, mawakili, na watu wanaojua jina la karani wa kamati ya Bunge ya fedha. Sheria ilipoanza kutumika zilipunguza kuwakopesha wafanyabiashara wadogo, zikapendelea kuikopesha serikali, ambayo haina hatari ya kutoroka. Kisha zikakusanya takwimu za upungufu huo wa mikopo na kuzipeleka Hazina na bungeni, mwaka hadi mwaka. Benki Kuu ilikuwa upande wao katika hoja hiyo. Shirika la Fedha la Kimataifa nalo liliibana serikali iachane na kikomo hicho. Mimi naamini hoja ya wafanyabiashara wadogo ilikuwa na uzito wake. Ninachosisitiza hapa ni kwamba kulikuwa na mtu wa kuibeba kila siku, hata wakati ambapo hakuna kamera.

Oktoba 2019, uchaguzi ukiwa umepita na rais akiwa katika muhula wake wa mwisho, Uhuru aliurudisha Mswada wa Fedha bungeni akitaka kikomo cha riba kiondolewe. Wabunge walihitaji theluthi mbili ili kumpinga. Hawakufikisha idadi. Novemba mwaka huo kikomo kikaondoka.

Wale mamilioni walikuwa wapi? Walikuwa makazini, sokoni, kwenye matatu. Hawakuwa na chombo chenye uzito wa kukaa kwenye kiti kinachotazamana na mabenki. Kila mkopaji angepoteza fedha kiasi, na kiasi hicho hakikutosha kumfanya aache duka lake akaandike waraka wa kurasa kumi kwa kamati ya Bunge. Kwa benki moja, hesabu ilikuwa tofauti kabisa. Mwanauchumi wa Marekani Mancur Olson alilieleza jambo hili mwaka 1965 katika kitabu chake kuhusu mantiki ya vitendo vya pamoja: kundi dogo ambalo kila mwanachama ana kikubwa cha kupata au kupoteza hujipanga kwa urahisi, na kundi kubwa ambalo faida imetawanyika hukwama, kwa sababu kila mmoja anamngojea mwenzake ajitolee. Miaka sitini imepita tangu kitabu hicho kitoke, na bado tunawagawia watoto karatasi zenye idadi ya kura.

Pacha wa imani hiyo ni dawa ya tamko. Kundi likitaka kusikilizwa, tunaambiwa, litangaze mapema linamuunga mkono nani, likimbahatisha mshindi limepona. Mwaka 2022 Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, COTU, Francis Atwoli, alisimama waziwazi na Raila Odinga. William Ruto akashinda kwa kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930. Kwa kanuni za mchezo wa darasani, COTU ingepata sifuri. Katika maisha halisi, viti vya wafanyakazi kwenye bodi ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, vimewekwa na sheria, wala havimuulizi mtu alimpigia nani kampeni, na mwaka uliofuata Atwoli alikuwa akiutetea hadharani mpango wa serikali mpya wa ada ya nyumba. Upende usipende siasa zake, shirikisho lililoanzishwa mwaka 1965 limewaona marais wote wa nchi hii na bado lipo mezani.

Kinyume chake pia kipo. Kwa kuwa shule nyingi hutumia mwongozo wa Kimarekani ulioshushwa mtandaoni, nichukue mfano wa huko huko. Mwezi Oktoba 1980 chama cha waongoza ndege, PATCO, kilimuunga mkono Ronald Reagan. Alishinda. Agosti 1981 waongoza ndege hao waligoma, na Reagan akawafuta kazi zaidi ya 11,000. Walikuwa wamebahatisha mshindi vizuri kabisa.

Walimu wanapaswa kuujua mfano mwingine kuliko mtu yeyote, maana ni wao wenyewe. Oktoba 1997 chama chao, KNUT, kiliitisha mgomo, uchaguzi mkuu ukiwa umepangwa kufanyika mwishoni mwa Desemba. Serikali ya Rais Moi ilikubali nyongeza ya mishahara ya asilimia 150 hadi 200 kwa miaka mitano. Awamu ya kwanza ililipwa. Uchaguzi ulipopita, serikali ikasema haina fedha, na mgomo wa Oktoba 1998 ukaisha bila senti. KNUT haikuhitaji kumtangaza mgombea wake ili kuyapata makubaliano yale. Ilijua tu ni mwezi gani serikali haiwezi kusema hapana. Iliposhindwa ni pale mwezi huo ulipopita. Hata hivyo makubaliano yalikuwa yameandikwa, na kwa sababu yaliandikwa chama kiliyadai miaka yote hadi serikali ya muungano wa NARC ilipokubali mwaka 2003 kuendelea kulipa kwa awamu. Wakati, maandishi na uvumilivu: mambo hayo matatu hayana hata sanduku moja la kura ndani yake.

Kuna kosa jingine ambalo linanikera kuliko yote, nalo ni kugawa makundi kwa makabila. Nimeona orodha ya "makundi ya maslahi" ambayo ni majina ya makabila tu, kila jina na mgombea wake. Hilo likome. Nenda Kericho ukatazame. Mkulima mdogo anayeuza majani yake kupitia shirika la chai la KTDA anataka bonasi kubwa. Mchumaji anayefanya kazi kwenye shamba la kampuni anataka mshahara upande na mashine za kuchumia chai zisimwondoe kazini; chama chake kimepambana na mashine hizo kwa miaka mingi. Kampuni inataka mashine hizo hizo. Watu hao watatu wanaweza kusali kanisa moja na kusalimiana kwa Kikipsigis, na kila mmoja akaingia bungeni na waraka unaopingana na wa mwenzake. Wakati huohuo yule mkulima mdogo ana la kuzungumza na mkulima wa Murang'a ambaye hajawahi kumwona. Mtoto akijifunza jambo hilo peke yake katika muhula mzima, mwalimu amefanya kazi kubwa.

Basi mfanye nini? Nitakwenda haraka, kwa kuwa mengi ya haya yanatosha vipindi vitatu vya dakika arobaini.

Tumieni wagombea wa kubuni, msilete majina wala rangi za vyama halisi darasani. Badala ya ilani ndefu, wekeni mswada mmoja wenye vifungu visivyozidi vitano. Makundi yasilingane: watatu wawe mabenki, ishirini wawe wakopaji. Anayetaka kuandika waraka wa kundi aandike wakati wa mapumziko. Mtaona wenyewe nani anaandika na nani anamngojea mwenzake. Waraka uwe ukurasa mmoja: kifungu gani, kibadilishwe kisomeke vipi, na kwa sababu gani. Ahadi ya mgombea isihesabiwe mpaka iwe imeandikwa na kutiwa saini.

Siku ya kura, igeni sharti la Kifungu cha 138 cha Katiba: zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti. Safu za madawati zinatosha kuwa kaunti. Sharti hili linamlazimisha mgombea kutafuta makundi yaliyotawanyika nchi nzima, na wanafunzi watagundua haraka kwa nini walimu, walio katika kila kijiji, husikilizwa kuliko idadi yao.

Kisha, na hapa ndipo msikate, kipindi cha tatu kizima kiwe baada ya kuapishwa. Rais ana fedha za kutimiza ahadi mbili tu kati ya kila tano alizotia saini. Kamati ya Bunge inakaa na kupokea maoni, kama Kifungu cha 118 kinavyoitaka. Kundi lililokosa nafasi linaweza kuwasilisha ombi chini ya Kifungu cha 119. Wachache wawe wabunge walioteuliwa kwa maslahi maalumu, vijana, watu wenye ulemavu na wafanyakazi, maana Kifungu cha 97 kimewatengea nafasi kumi na mbili katika Bunge la Taifa, na wanafunzi wengi hawajui kwamba nafasi hizo zipo. Rais anaweza kuurudisha mswada. Alama zitolewe kwa maneno yaliyobadilika kwenye kifungu. Kundi lililompinga mshindi na bado likapata sentensi yake limefaulu. Lililomshangilia likatoka mikono mitupu limeanguka, na liambiwe hivyo waziwazi.

Anayekosa mswada wa kutumia achukue kifungu cha mkate katika Mswada wa Fedha wa 2024. Ni kifupi na kila mtoto anakijua: mkate ulitakiwa utozwe VAT ya asilimia 16, na pendekezo hilo likaondolewa tarehe 18 Juni, wiki moja kabla waandamanaji hawajaingia bungeni na kabla rais hajakataa kuutia saini mswada mzima. Wapeni wanafunzi njia mbili za kuunusuru mkate. Ya kwanza, ubaki kwenye kiwango cha sifuri, ambapo mwenye kiwanda hudai kurudishiwa VAT aliyolipa kwenye vifaa na malighafi. Ya pili, usamehewe kodi, ambapo hawezi kudai chochote. Kundi la walaji likisoma haraka litaona njia zote mbili ni sawa na litataka kwenda nyumbani. Waoka mikate hawatakubali kuondoka. Mwalimu asiwaeleze walaji sababu. Awaache wakae na hesabu ya gharama za kiwanda mpaka waone bei ya mkate wao itafika wapi.