Daktari wa Berlin na Mafundi Chuma

Mei 1933 ulikuwa mwezi mbaya kwa wenzetu wa Ujerumani. Tarehe 1 serikali ya Hitler iliwapa sikukuu yenye malipo, nao wakaandamana pamoja na viongozi wao. Kesho yake askari wa chama cha Nazi walivamia ofisi za vyama vya wafanyakazi nchi nzima, wakawakamata viongozi na kutwaa fedha za wanachama. Habari hiyo imesimuliwa mara nyingi. Lakini siku nne baadaye, mjini Berlin, ilivamiwa nyumba nyingine ambayo haitajwi sana. Ilikuwa taasisi ya daktari Magnus Hirschfeld.

Hirschfeld alizaliwa mwaka 1868, Myahudi, mtoto wa daktari. Alichunguza mambo ya mwili ambayo watu huyanong'ona tu. Mwaka 1897 yeye na wenzake waliunda kamati ya kupinga kifungu cha 175 cha sheria ya Ujerumani, kilichowapeleka jela wanaume waliolala na wanaume wenzao. Alitaka kujua watu hao ni wangapi. Basi akatuma karatasi za maswali, kwanza kwa wanafunzi wa chuo cha ufundi, halafu mwaka 1904 kwa mafundi chuma wa Berlin zaidi ya 5,000. Kutokana na majibu alikadiria kama wawili katika kila mia. Akashitakiwa kwamba amewatukana watu, na mahakama ikamtoza faini ya mark 200. Waliomshitaki walikuwa wanafunzi, si mafundi. Sisi tunaona jambo hilo linafaa kukumbukwa.

Taasisi yake ilifunguliwa Julai 1919. Humo walitibiwa wenye kaswende na kisonono, watu wa ndoa walipewa mashauri, na wanawake walielezwa njia za kuzuia mimba. Maskini hawakutozwa. Jioni nyingine watu walikusanyika kusikiliza majibu ya maswali waliyoyaandika bila kutaja majina yao na kuyatia katika sanduku. Sisi tunaofanya kazi mashambani twaijua thamani ya sanduku kama hilo, maana si rahisi kumweleza mganga wa kambi ugonjwa wako wakati nyapara amesimama mlangoni.

Walifika pia watu waliozaliwa wanaume nao wakajiona ni wanawake, au kinyume chake. Wakati huo polisi waliweza kumkamata mtu kwa sababu ya nguo alizovaa tu. Daktari alimpima, akaandika ripoti, na kwa ripoti hiyo polisi wa Berlin wakampa mtu kibali cha kutembea bila kusumbuliwa. Mmoja wao alikuwa Dora Richter, mtoto wa wakulima, aliyelelewa kama mvulana. Madaktari wa Berlin walimfanyia upasuaji kwa hatua, hata mwaka 1931 akawa miongoni mwa watu wa kwanza duniani kukamilishiwa upasuaji wa namna hiyo. Kwa kuwa watu wa hali yake hawakupata waajiri, taasisi ilimwajiri yeye na wengine kuwa watumishi wa nyumbani. Ni kweli kazi yenyewe ilikuwa ya jikoni na ya kufagia, lakini ilikuwa kazi.

Hatusemi Hirschfeld hakuwa na dosari. Kama wasomi wengi wa siku zake, aliamini kwamba wataalamu wanaweza kuchagua nani afaa kuzaa, fikra ambayo Manazi waliitumia kwa ukatili.

Asubuhi ya tarehe 6 Mei wanafunzi wa Kinazi walifika na bendi ya tarumbeta, wakavunja na kupora. Tarehe 10 vitabu vya taasisi vilichomwa moto katika uwanja wa mbele ya opera. Daktari mwenyewe alikuwa nje ya nchi, akauona moto ule katika filamu ya habari, ndani ya sinema ya Paris. Alifariki Nice tarehe 14 Mei 1935, siku alipotimiza miaka 67. Mwaka huohuo Manazi walikiongezea makali kifungu cha 175, na wengi waliofungwa kwa kifungu hicho walipelekwa kambini na kushonewa alama ya pembetatu ya waridi. Kifungu hicho hakikufutwa kabisa mpaka 1994.

Na Dora Richter? Kwa miaka mingi iliandikwa kwamba aliuawa siku ya uvamizi. Uchunguzi wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba alisalimika, akaishi kwa jina lake la kike, akafariki Ujerumani mwaka 1966.