Afisa wa Jeshi Akizidiwa, Anamwambia Nani?

Kijana wa Mbangala, wilayani Songwe, akitunukiwa kamisheni kule Monduli, ukoo mzima huona umepata afisa. Nyota moja ya luteni usu haijazoea bega, tayari ada ya mdogo wake, bati za nyumba ya mama, mchango wa msiba Mkwajuni na wa harusi Tunduma vinamsubiri yeye. Kikosini nako anakabidhiwa platuni ya askari wapatao 30, baadhi yao wamevaa magwanda tangu yeye yuko shule ya msingi. Wote wanamwita afande. Huyu akizidiwa, anamwambia nani?

Wengi hudhani msongo wa mawazo huletwa na wingi wa kazi tu. Mwaka 1979 Robert Karasek, mtafiti wa Marekani, alionesha kuwa kazi humchakaza mtu hasa pale inapomdai mengi huku ikimnyima uhuru wa kuamua namna ya kuifanya. Mwaka 1988 Jeffrey Johnson na Ellen Hall, wakiwachunguza wafanyakazi wa Sweden, waliongeza jambo la tatu: upweke kazini. Mwenye kazi nzito, asiye na sauti na asiye na wa kumshika mkono ndiye aliyekuwa katika hali mbaya zaidi. Walichokipima ni maradhi ya moyo na mishipa ya damu, kwa hiyo hatuzungumzii manung'uniko hapa.

Afisa kijana anaweza kukutwa na yote matatu. Amri inatoka juu, lakini utekelezaji ukiharibika lawama ni yake. Askari wa kawaida walau wana wenzao waliolala nao bweni moja, wakala pamoja, wakasemana na kuteteana. Edward Shils na Morris Janowitz, walipoandika mwaka 1948 kuhusu askari wa Ujerumani katika Vita Kuu ya Pili, walisema kilichowafanya waendelee kupigana hata mambo yalipowaendea kombo ni kikundi kidogo cha wenzao kuliko itikadi. Sehemu ya faida hiyo afisa anaikosa. Hawezi kumweleza koplo wake kwamba hapati usingizi. Wenye cheo chake kikosini ni wachache, na hao hao ndio atakaopimwa nao vyeo vikitoka. Akishazoeana na wawili watatu, uhamisho unafika. Najua jeshi haliwezi kuendeshwa bila uhamisho. Hata hivyo, kila uhamisho humnyang'anya mke jirani aliyemzoea na pengine biashara yake, watoto shule yao, na afisa mwenyewe yule mtu mmoja aliyeanza kumwamini.

Kuridhika na kazi nako hakuletwi na mshahara pekee, na historia yetu inalisema hilo kwa uchungu. Januari 20, 1964, askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, ambayo leo ni Lugalo. Walidai nyongeza ya mshahara, na walidai maafisa wa Kiingereza waondoke ili Waafrika washike nafasi zao. Siku chache baadaye askari wa Jinja, Uganda, na wa Lanet, Kenya, nao waligoma. Jeshi lile la Tanganyika likavunjwa, na Septemba 1 mwaka huo huo Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) likaundwa. Siuhalalishi uasi. Nasema tu kwamba dai la pili lilihusu heshima na njia ya kupanda, wala fedha isingelizima.

Samuel Stouffer na wenzake waliliona jambo hilo kwa namna nyingine walipowachunguza wanajeshi wa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Polisi wa jeshi, ambao vyeo kwao vilikuwa adimu, waliuridhia utaratibu wa kupandishwa vyeo kuliko wenzao wa jeshi la anga waliopanda haraka. Mtu hujipima kwa aliye karibu naye. Luteni akimwona mwenzake wa kamisheni moja amekuwa kapteni, na yeye hajaelezwa kwa nini amebaki, nyongeza ya posho haitampoza. Kamanda anayemwita ofisini na kumweleza ukweli, hata kama ni mchungu, anamsaidia kuliko anavyodhani.

Upande wa ndugu, vitabu vingi vya Ulaya na Marekani huwaona kama msaada kwa afisa. Kwetu Songwe ndugu ni tegemeo na pia ni deni. Simu inaanza kwa kumjulia hali, inaishia kwenye gharama za hospitali. Siwaombi wazazi waache kumweleza shida zao, kwani afisa aliyetengwa na ukoo wake yuko hatarini zaidi. Nawaomba simu moja moja isiyo na ombi, ya kumsikiliza tu mpaka amalize.

Haja hiyo ya kusikilizwa huwa kubwa zaidi kwa waliorudi kutoka ulinzi wa amani. Desemba 7, 2017, kambi ya Umoja wa Mataifa ya Semuliki, eneo la Beni mashariki mwa Kongo, ilishambuliwa na wanajeshi wetu wasiopungua 14 wakauawa. Kiongozi aliyepoteza vijana wake namna hiyo hurudi na maswali ambayo hakuna medali inayoyajibu. Chris Brewin na wenzake, walipokusanya tafiti nyingi pamoja mwaka 2000, walikuta kwamba kukosa msaada wa watu baada ya tukio ni miongoni mwa mambo yanayohusiana zaidi na kidonda cha akili kisichopona. Baada ya tukio ndiyo kusema nyumbani, likizoni, mwezi wa tatu, mwezi wa sita, wageni wa pongezi walipokwisha kuondoka.

Kwa hiyo kila kikosi kinachopeleka watu nje ya nchi kingefaa kuwa na afisa mmoja ambaye familia inamjua kwa jina na ina namba yake ya simu. Namba hiyo isiishie kwa mke aliyeko kota. Mama aliyeko Mbangala, anayemwona mwanawe akishtuka usiku na hajui aanzie wapi, naye apewe.