Maana ya "Pumzika" kwa Mgonjwa wa Mtikisiko wa Ubongo: Mtazamo kutoka Mbale

Makala hii inahusu neno moja ambalo mtu aliyepata mtikisiko wa ubongo huondoka nalo hospitalini: pumzika. Mjini Mbale, unapopita mto Nabuyonga, neno hilo huweza kuzaa makosa mawili. Mwendesha bodaboda aliyeanguka hurudi barabarani kesho yake, kwani siku bila abiria ni siku bila chakula. Mwanafunzi naye hufungiwa chumba chenye giza wiki nzima.

Kosa la kwanza ndilo la hatari zaidi, maana pigo la pili kabla ya ubongo kupona huweza kuua. La pili halitambuliwi sana. Mwaka 2015, watafiti wa Milwaukee, Marekani, walilinganisha vijana walioagizwa mapumziko kamili ya siku 5 na walioagizwa siku 1 hadi 2. Waliopumzika zaidi ndio waliotaja dalili nyingi zaidi. Mkutano wa wataalamu uliofanyika Amsterdam mwaka 2022 ulipendekeza utulivu wa saa 24 hadi 48, kisha kutembea na shughuli nyepesi, hata kama dalili hazijaisha.

Kiswahili chenyewe kinaafiki. Pumzika hutokana na pumzi: apandaye Masaba na mzigo husimama, huvuta pumzi, huendelea. Halali njiani.

Kipimo ni rahisi. Mgonjwa ayape maumivu alama kutoka 0 hadi 10. Shughuli ikiyaongeza kwa alama zisizozidi 2, na kwa muda usiofika saa moja, aendelee. Ikizidisha, aache, ajaribu kesho kwa kiasi pungufu. Kanuni hii huwafaa hata wenye dalili zilizopita wiki 4, ila hao wahitaji pia kuchunguzwa na daktari. Anayetapika mara kwa mara, kupata degedege au kutoamshika apelekwe hospitalini mara moja.

Mwanafunzi aanze na ukurasa mmoja na matembezi ya asubuhi. (Ngoma za kadodi, mwaka wa imbalu, ni mtihani hata kwa kichwa kizima.) Mwendesha bodaboda ana ugumu zaidi, kwa kuwa kazi yake haina nusu: hawezi kubeba abiria kidogo kidogo. Anachoweza ni kuosha pikipiki za wenzake na kushika daftari la steji hadi kizunguzungu kiishe, wenzake wakikubali kumgawia chochote cha siku.