Ulezi wa Vipaji katika Afisi za Mawakili wa Gusii

Sheria ya Mawakili ya Kenya, Sura ya 16, haimtambui kuwa wakili mtu aliyesoma vitabu peke yake, hata kama amevisoma kwa bidii na kufaulu kwa daraja ya juu. Baada ya shahada ya chuo kikuu, na baada ya masomo tisa ya Chuo cha Sheria cha Kenya kule Karen, ambayo miongoni mwake limo hata somo la kuendesha afisi, mwanafunzi hulazimika kukaa miezi sita chini ya wakili aliyeifanya kazi hiyo kwa muda usiopungua miaka mitano, amfuate mahakamani, amchukulie majalada na kumwandikia rasimu za hati, ndipo apeleke ombi lake kwa Jaji Mkuu na kula kiapo. Huo ndio uanagenzi. Sheria imesema ni nani wa kufundisha na kwa muda gani. Haikusema afundishe vipi, na katika kimya hicho ndimo ilimo kazi ninayotaka kuieleza, yaani ulezi wa vipaji, hususa kwa vijana wa Gusii, katika kaunti za Kisii na Nyamira, waliosomea sheria, ualimu au usimamizi wa wafanyakazi, nao wanatafuta mlango wa riziki usiosongamana watu.

Katika miji mikubwa ya dunia kazi hii imekwisha kupata cheo na mshahara. Mwanzoni mwa karne ya 20 Paul Cravath wa New York aliweka utaratibu wa kuwaajiri wahitimu bora, kuwahamisha kutoka kwa mkubwa mmoja hadi kwa mwingine ili wavune maarifa ya wote, kisha kuwapandisha walioiva na kuwaaga wasioiva. Afisi nyingi za Marekani ziliuiga, na baadaye wakatokea ndani ya afisi hizo watu ambao shughuli yao si kesi bali ni kupanga mafunzo ya mawakili chipukizi, kuangalia kazi wanazopewa zisiwazidi wala zisiwadumaze, na kukaa nao faraghani kuwasikiliza. Ukocha wa kazini, ulio sehemu ya ulezi huo, una nasaba nyingine: mwaka 1974 Timothy Gallwey, mwalimu wa tenisi, alitoa kitabu chenye hoja kwamba mchezaji hushindwa na ghasia za nafsi yake kabla hajashindwa na mpinzani, mwaka 1992 John Whitmore akaieneza hoja hiyo katika uongozi wa kazi, na tangu 1995 lipo Shirikisho la Kimataifa la Makocha, ambalo cheti chake cha kwanza hudai saa 60 za masomo na saa 100 za kuifanya kazi yenyewe.

Walakini Gusii si New York. Afisi nyingi za mawakili mjini Kisii zina wakili mmoja, wawili au watatu, karani mkongwe, mwanagenzi anayeketi penye nafasi, na mpeleka hati anayeijua kila njia ya vumbi kutoka Ogembo hadi Nyansiongo. Tena desturi yenyewe ya afisi hizo ni changa. Zamani mashauri ya mipaka na mahari yaliamuliwa na wazee, na kijana alijifunza kwa kuketi kando na kusikiliza. Kisha serikali ya kikoloni ikaunda mahakama za Waafrika, na katika mahakama hizo mawakili hawakuruhusiwa kusimama, mpaka sheria ya mahakimu ya mwaka 1967 ilipoziunganisha na mahakama nyingine za nchi. Kwa hiyo katika ardhi hii ambayo watu wake wanasifika kwa ufasaha wa kujitetea, na ambayo imemtoa Okong'o Omogeni, seneta wa Nyamira aliyewahi kukiongoza Chama cha Mawakili cha Kenya, fani ya kumlea wakili ndani ya afisi haijapata umri wa kujiwekea mila madhubuti. Kila mkubwa humfundisha mdogo kama alivyofundishwa yeye, na aghalabu yeye alifundishwa kwa kufokewa.

Tuchukue mfano wa hali inayoweza kutokea siku yoyote. Wakili wa mwaka wa kwanza amerudi kutoka mahakama ya Keroka, mji ulioketi juu ya mpaka wa kaunti hizi mbili, ambako alikuwa akimhoji shahidi katika shauri la shamba dogo la urithi. Alimwuliza kwa nini mti wa mpaka ulikatwa. Shahidi akajibu kwa utulivu kwamba aliyeukata ni mteja wa wakili huyo, na watu wakacheka. Mkubwa wa afisi akisikia habari hiyo atasema, "Nilikwambia usiulize swali usilojua jibu lake," naye amesema kweli. Lakini kijana alikuwa akiijua kanuni hiyo tangu Karen. Mlezi wa vipaji ataanza kwingine.

"Wakili, lile swali uliliandika jana au lilikujia pale pale?"

"Lilinijia pale pale."

"Ulikuwa umefika wapi katika karatasi yako?"

"Swali la nne. Halafu hakimu akatazama saa."

Sasa ugonjwa umejulikana, nao si ujinga wa sheria: ni hofu ya kumchosha hakimu, iliyomfanya kijana aiache karatasi yake na kurukia swali alilodhani lingemaliza mambo upesi. Dawa yake ni mazoezi ya kunyamaza, kushusha pumzi na kurudi kwenye swali la tano, nayo hufanyika afisini jioni, karani akijifanya hakimu mwenye haraka. Hakuna karipio lingeweza kuifikisha dawa hiyo, maana karipio huongeza hofu ile ile.

Mimi naamini, na wengine watanipinga, kwamba mteja wa kwanza wa kazi hii katika Gusii si kijana bali ni mkubwa wake. Tazama yaliyotokea mwezi Machi 2024, uwasilishaji wa kesi kwa mtandao ulipoenezwa katika mahakama zote za nchi. Karani aliyekuwa sultani wa masjala, aliyejua jalada gani limejificha nyuma ya kabati gani, aliamka akakuta elimu yake imepunguka thamani, ilhali mwanagenzi aliyekuwa akitumwa chai ndiye anayejua kupakia hati na kulipa ada kwa simu. Kila mmoja ana kitu ambacho mwenziwe anakihitaji. Ila stahi baina ya vizazi ambayo Abagusii huiita chinsoni humzuia mzee kukiri kwamba hajui, na humzuia kijana kumfundisha aliye rika la baba yake. Mtu wa tatu, asiye mdogo wa huyu wala mkubwa wa yule, anaweza kuwapangia saa moja kwa juma ambamo mzee anaeleza jinsi ya kumsoma mteja anayeficha jambo, na kijana anashika kompyuta, pasipo yeyote kuvunjiwa heshima.

Mintarafu riziki, afisi moja ya mawakili wawili haiwezi kumwajiri mlezi wa vipaji, lakini afisi sita zinaweza kuchangiana siku zake. Kila wakili hutakiwa kujipatia pointi tano za mafunzo endelevu kwa mwaka, na wengi huzifuata mbali, hata Nairobi. Anayejua kuandaa mafunzo yanayokubaliwa na Chama cha Mawakili hapa hapa ana soko. Waajiri nao hulipa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi kwa ajili ya Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, na wanaweza kudai kurudishiwa gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa, haki ambayo afisi ndogo huisahau. Mkufunzi aliyesajiliwa na mamlaka hiyo, akawasaidia kujaza madai, amekwisha kujilipia nusu ya ujira wake machoni mwao. Anayetaka kushika usimamizi wa wafanyakazi kama taaluma azingatie sheria ya mwaka 2012 inayodai usajili na mitihani. Na Chuo Kikuu cha Kisii, kilichopata hati yake mwaka 2013, kina wanafunzi wa sheria ambao mtu anaweza kuanzia kwao mazoezi yake kabla hajabisha hodi afisini.

Liko jambo moja zito ambalo makocha wa miji mikubwa hawalihisi sana. Katika mji mdogo, afisi mbili zinazomlipa mlezi mmoja zitakutana Jumatatu katika shauri moja, hii kwa mdai na ile kwa mdaiwa. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, inazilinda siri za mteja na wakili wake, na ulinzi huo inaueneza kwa wakalimani, makarani na watumishi wa wakili. Mkufunzi wa nje anayepita na mkoba wake hakutajwa. Kwa hiyo mwenye busara hafungui jalada, hataki jina la mteja, na husikiliza habari ya swali la nne bila kuuliza shamba ni la nani. Kabla ya kupokea senti huandika mapatano yanayosema hivyo, na kwamba siku afisi hizo zitakapopambana hatamwandaa yeyote kwa shauri hilo. Kisha hupeleka nakala moja kila upande itiwe sahihi. Afisi itakayokataa kutia sahihi, heri aikose.