Kutoka King'amuzi hadi Korpasi: Uhamishaji na Uhariri wa Rekodi za Televisheni za Nyumbani kama Data ya Fasihi Simulizi Mkoani Morogoro

Ikisiri

Vipindi vya televisheni vilivyonaswa kwa ving'amuzi vya nyumbani ni hazina ambayo bado haijatumiwa ipasavyo na watafiti wa isimu na fasihi simulizi. Makala hii inafafanua namna rekodi hizo zinavyohifadhiwa ndani ya kifaa, zinavyohamishiwa kwenye kompyuta na zinavyohaririwa bila kuharibu thamani yake ya kitaaluma. Mifano imejikita katika mazingira ya Morogoro na Milima ya Uluguru. Makala inadai kwamba kila mkato anaoufanya mhariri ni uamuzi wa kinadharia kuhusu mipaka ya matini, na kwa hiyo lazima uwekewe kumbukumbu kama uamuzi mwingine wowote wa utafiti.

1. Utangulizi

Historia ya fasihi simulizi ya Tanzania katika nusu ya pili ya karne ya 20 haiwezi kutenganishwa na mitambo ya kunasia sauti. Sehemu kubwa ya muziki wa bendi wa miaka ya 1960 na 1970, zikiwamo kazi za Cuban Marimba na Morogoro Jazz, bendi mbili zilizoipa Morogoro jina katika muziki wa dansi, ilinaswa katika studio za Redio Tanzania Dar es Salaam. Sambamba na hifadhi hiyo ya taifa kulikuwa na hifadhi ya pili isiyo rasmi: kaseti za majumbani, ambazo wasikilizaji walizitumia kunasa nyimbo, mashairi na hotuba moja kwa moja kutoka redioni.

Televisheni imeirithi hali hiyo. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970, ilhali Tanzania Bara iliipata mwaka 1994 kupitia vituo vya binafsi. Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilianza kuzimwa, kwanza Dar es Salaam, kisha mikoa mingine kwa awamu. Tangu hapo king'amuzi kimekuwa kifaa cha kawaida sebuleni, na vingi miongoni mwake vina uwezo wa kunasa kipindi kwenye diski ya ndani au kwenye kifaa cha USB. Ngoma iliyooneshwa katika taarifa ya habari, mzee wa Kiluguru aliyehojiwa kuhusu mila, au malumbano ya watani msibani huweza kubaki katika nyumba fulani ya Kihonda au Mgeta muda mrefu baada ya kituo kuacha kukirudia kipindi hicho.

Tatizo ni kwamba hifadhi hii ni dhaifu kuliko kaseti. Kaseti iliyokaa kabatini miaka thelathini huweza kusikika tena. Diski ya king'amuzi kilichoungua kwa hitilafu ya umeme huenda isisomeke kabisa. Mtafiti anayeahirisha kuhamisha rekodi huhatarisha ushahidi ambao hauna nakala nyingine.

2. Istilahi za msingi

Neno king'amuzi lenyewe linastahili maelezo. Limeundwa kutokana na kitenzi ng'amua, yaani kutambua jambo lililofichika, kwa kanuni ileile inayozaa mwamuzi kutoka amua na mchunguzi kutoka chungua: konsonanti ya kale iliyokwisha kudondoka mwishoni mwa shina hujitokeza kama /z/ mbele ya kiambishi -i. Kiambishi ki- cha ngeli ya KI-VI kinakifanya kiwe chombo badala ya mtu. Jina linaeleza kazi kwa usahihi: kifaa hupokea mawimbi yaliyofungwa, kikayatafsiri kuwa picha na sauti.

Istilahi nyingine tatu zinahitaji kutenganishwa, kwa kuwa katika mazungumzo ya kawaida huchanganywa. Kunakili ni kuchukua faili na kutoa nyingine inayolingana nayo kila biti. Kugeuza ni kutoa faili mpya yenye muundo tofauti, na mara nyingi sehemu ya taarifa hupotea katika hatua hiyo. Kuhariri ni kuchagua, kukata na kupanga. Uhamishaji unaofaa kwa taaluma huanza na kunakili. Kugeuza na kuhariri hufuata baadaye, tena juu ya nakala, kamwe si juu ya faili mama.

3. Jinsi rekodi inavyokaa ndani ya kifaa

King'amuzi kinaponasa kipindi, kwa kawaida hakiibani upya picha. Huandika kwenye diski mkondo uleule wa data uliorushwa na kituo, uliokwisha kubanwa kwa viwango vya familia ya MPEG. Mkondo huo umegawanywa katika pakiti za baiti 188 kila moja, na pakiti za picha, za sauti na za maelezo ya kipindi husafiri zikiwa zimechanganyika. Kwa hiyo rekodi ya nyumbani, ikihamishwa vizuri, hulingana kwa ubora na kile kilichorushwa hewani. Katika hilo huishinda kaseti, ambayo kila nakala yake hufifia kuliko iliyotangulia.

Mambo mawili hutatiza. La kwanza ni ukubwa. Vifaa vingi vya USB hutumia mfumo wa FAT32, ambao haukubali faili moja kufikia GB 4. Kwa sababu hiyo king'amuzi hukigawa kipindi kirefu katika vipande kadhaa. Vipande hivyo vinapaswa kuunganishwa kwa mfuatano wake, la sivyo silabi au mshororo mzima huweza kupotea penye maungio. La pili ni usimbaji fiche. Ving'amuzi vingi, hasa vya huduma za kulipia, hufunga rekodi kwa ufunguo ulio ndani ya kifaa chenyewe. Faili huonekana kwenye kompyuta, lakini haifunguki. King'amuzi kikifa, rekodi zake hufa nacho.

4. Uhamishaji

Rekodi isiyofungwa huhamishwa kwa hatua chache. Kifaa cha USB hutolewa baada ya king'amuzi kuzimwa vizuri. Folda nzima hunakiliwa, pamoja na faili ndogo zinazobeba jina la kipindi na muda wake. Kisha jumla hakiki, yaani tarakimu zinazokokotolewa kutokana na maudhui ya faili, hulinganishwa kati ya faili mama na nakala. Tarakimu zikilingana, nakala ni kamili. Baada ya hapo nakala ya pili huhifadhiwa mahali pengine. Programu huria kama VLC hutosha kwa kutazama, na FFmpeg hutosha kwa kuunganisha vipande na kubadilisha kasha la faili bila kugusa picha wala sauti iliyomo.

Kwa rekodi iliyofungwa, njia iliyo salama zaidi ni kuomba nakala katika kituo husika. Morogoro yenyewe ina vituo kama Abood na kile cha Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Nakala hiyo isipopatikana, kipindi huweza kuchezwa kwenye king'amuzi na kunaswa upya kupitia matundu ya kutolea picha na sauti. Kazi hiyo huchukua muda uleule wa kipindi, na matokeo yake ni kizazi cha pili cha rekodi. Ni lazima itajwe hivyo katika maelezo ya data.

Mazingira ya Uluguru yanaongeza tatizo la tatu, nalo ni mapokezi. Milima hiyo hupanda zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari na huvikinga baadhi ya vijiji vya mabondeni na mawimbi ya minara ya ardhini. Wanaotumia antena za sahani hukutana na kikwazo kingine: miteremko ya mashariki hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua kubwa hudhoofisha mawimbi ya setilaiti. Katika enzi ya analojia mapokezi hafifu yalileta chenga, lakini sauti iliendelea kusikika chini ya mkwaruzo. Katika dijitali hakuna hali ya kati: ishara ikishuka chini ya kiwango, picha huganda na sauti hukatika kabisa. Mnukuzi anapokutana na pengo hilo anapaswa kulionesha katika unukuzi pamoja na urefu wake kwa sekunde. Kulijaza kwa kubahatisha, hata pale ambapo mizani ya wimbo inadokeza neno lililopotea, ni kutunga mahali pa kunukuu.

5. Uhariri kama uamuzi wa kinadharia

Kwa upande wa ufundi, kanuni moja ni muhimu zaidi. Picha za video iliyobanwa hazihifadhiwi zote kwa ukamilifu: fremu moja kamili hufuatwa na fremu nyingi zinazoeleza tu kilichobadilika. Mkato usiohitaji kubana upya huweza kuanzia kwenye fremu kamili peke yake. Mhariri anayetaka mkato uangukie katikati analazimika kubana upya sehemu hiyo, na ubora hupungua. Kwa mahitaji ya utafiti ni afadhali kuacha sekunde mbili tatu za ziada kabla ya matini kuliko kubana upya rekodi nzima.

Vivyo hivyo kwa sauti. Faili ya WAV inayotolewa kwa matumizi ya ELAN au Praat hairejeshi kilichokwisha kupotea wakati kituo kilipobana sauti. Rekodi hizi zinafaa kwa unukuzi, kwa uchunguzi wa msamiati, mtindo na ubadilishaji msimbo, na kwa kiasi fulani kwa mwenendo wa kiimbo. Vipimo vya kina vya akustika vinapaswa kutolewa kwa tahadhari kubwa.

Suala zito zaidi ni wapi pa kukata. Mulokozi (1996) anaitazama fasihi simulizi kama tukio linalotawaliwa na mwingiliano wa mambo sita: fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio, mahali na wakati. Mhariri asiye na nadharia huona jambo moja tu, yaani fani inayotendwa, na huyakata mengine akiyahesabu kuwa takataka. Mwito wa “Paukwa!” na jibu la “Pakawa!” huondolewa kwa kuwa hadithi “haijaanza”. Vigelegele na maneno ya watazamaji huondolewa kwa kuwa “yanavuruga” wimbo. Kinachobaki ni maneno ya fanani asiye na hadhira, na mwanafunzi atakayeyatumia baadaye atadhani kwamba ngoma hiyo huimbwa hivyo.

Katika Morogoro jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya nafasi ya Kiluguru hewani. Utangazaji nchini huendeshwa kwa Kiswahili na Kiingereza. Lugha za jamii husikika zaidi ndani ya nyimbo, au katika kauli ya mhojiwa ambayo baada ya sekunde chache hufunikwa na sauti ya mtangazaji anayetafsiri. Sauti hizo mbili zikishachanganywa kituoni, hakuna uhariri wa nyumbani utakaozitenganisha kikamilifu. Kwa hiyo sekunde zile chache kabla ya tafsiri kuanza, ambazo mtazamaji wa kawaida huziona kama kikohozi cha kusafishia koo, ndizo data yenyewe kwa mwanaisimu wa Kiluguru. Mkato unaoanzia pale sauti ya mtangazaji inaposikika vizuri hufuta sehemu pekee ambamo lugha hiyo ilisema kwa kinywa chake.

Hata matangazo ya biashara hayastahili kutupwa bila kufikiri. Yanaonesha kipindi kilirushwa katika muktadha gani, na mara nyingi husaidia kukadiria mwaka pale maelezo mengine yanapokosekana. Yanaweza kuondolewa katika nakala ya kufundishia, ilimradi yabaki katika faili mama.

6. Maelezo ya data na haki

Kila rekodi iambatane na maelezo ya jina la kituo, jina la kipindi, tarehe, saa, mahali iliponaswa, aina ya king'amuzi, na orodha ya mikato yote. Kipengele cha saa huleta makosa kuliko vyote. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku huandikwa na kifaa kuwa 20:00. Na kama saa ya kifaa imewekwa kwa wakati wa kimataifa, itaandikwa 17:00, kwa kuwa Afrika Mashariki iko mbele kwa saa tatu. Mwenye rekodi akisema kipindi kilikuwa “usiku wa kuamkia Ijumaa”, faili itaonesha Alhamisi. Mtafiti anapaswa kuandika kauli zote mbili, ya mwenye rekodi na ya kifaa, na kueleza namna zilivyopatanishwa.

Kuhusu haki, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi za sanaa, haki za watendaji na za watangazaji, na pia inagusa semi na sanaa za jadi za jamii. Kunasa kipindi ili kukitazama nyumbani ni jambo moja. Kukisambaza katika korpasi ya wazi ni jambo jingine linalohitaji ridhaa ya wenye haki. Aidha, kurushwa hewani hakumaanishi kwamba jamii imeridhia matumizi yote. Nyimbo za unyago, ambazo kwa desturi zina hadhira yake maalumu, huweza kusikika kwa sekunde kumi katika habari bila waimbaji kutarajia kwamba zitakatwa, zitarudiwarudiwa na kunukuliwa neno kwa neno darasani. Mtafiti awarudie waimbaji kabla ya kuchapisha.

7. Hitimisho

Rekodi ya televisheni inayomfikia mtafiti imekwisha kupita katika mikono mingi: fanani alitenda, mpigapicha alichagua upande wa kutazama, mhariri wa kituo alikata, mwenye nyumba aliamua lini abonyeze kitufe. Mtafiti ni mkono wa tano. Hawezi kuirejesha mikato iliyotangulia, lakini anaweza kuhakikisha kwamba wake unaonekana na unaweza kutenguliwa. Hilo linahitaji mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wa idara yoyote ya Kiswahili: kunakili mapema, kutunza faili mama bila kuigusa, na kuandika kila kilichokatwa na sababu yake. Idara zinazofundisha ukusanyaji wa data uwandani zinaweza kuyaingiza haya katika mitaala kwa gharama ndogo, maadamu ving'amuzi vyenye rekodi hizo bado vinawaka.