Barabara Tatu za Mchukuzi wa Baiskeli



Kwa desturi ukurasa huu huzungumza habari za bandari, viwanda na soko. Safari hii twataka kuzungumza habari za barabara, kwa sababu barabara ndiyo karakana ya wenzetu wanaochukua mizigo kwa baiskeli, ile ambayo kwa Kirundi huitwa ikinga. Fundi hujua mashine yake inachoka wapi na inaumiza wapi. Nasi yatupasa kuijua barabara hivyo hivyo, si kwa mazoea tu.

Mji wa Bujumbura umekaa pale milima inapoishia na bonde la mto Rusizi linapofika ziwani. Maji ya Ziwa Tanganyika yako kwenye mwinuko wa mita 770 na kidogo. Bugarama, njia panda ya kwenda Gitega na Kayanza, iko juu ya mita 2,200. Katikati yake ni takriban kilomita 35 za lami. Kwa hiyo anayeshuka RN1 kutoka Bugarama mpaka Kamenge huteremka zaidi ya mita 1,300, kona baada ya kona.

Mizigo ya kushuka ni ndizi, makaa, kabichi, viazi. Kilo 100 si ajabu, na wapo wanaozidisha. Tuseme mtu ana kilo 60, baiskeli kilo 20, mzigo kilo 120: jumla kilo 200. Wengi wetu tuliishia darasa la sita, basi tulimwomba mwalimu mmoja atupigie hesabu ya nguvu inayotolewa na uzito huo ukiteremka mlima wote. Akasema ikigeuzwa joto yatosha kuchemsha karibu lita nane za maji ya baridi. Hatukumwamini, akapiga tena mbele yetu, jibu likawa lile lile. Sehemu ya nguvu hiyo huchukuliwa na upepo na tairi. Inayobaki huishia kwenye vipande vinne vya raba na rimu mbili.

Ndiyo maana raba hunuka na kulainika, na breki iliyokuwa ngumu Bugarama huwa kama haipo mtu akifika nusu ya njia. Joto la rimu hulegeza hata gundi ya viraka kwenye mpira wa ndani, kiraka kikabanduka kwenye kona. Hapo ndipo mtu hukanyaga tairi kwa soli ya kandambili, na wengine hufunga kipande cha tairi kuukuu chini ya kiatu kwa kazi hiyo. Wazee wa kazi hii husimama mara kadhaa njiani, huegesha baiskeli, hugusa rimu kwa mate kwenye kidole. Ikilia, hungoja. Vijana huwacheka. Mvua ikinyesha hesabu hubadilika tena: rimu iliyolowa haishiki mara moja, basi breki ianze mapema, mbali na kona, na mwendo uwe wa mtu anayetembea.

Lakini wengi wanaoumia RN1 huumia wakipanda. Kusukuma baiskeli kwa mguu mpaka Bugarama ni karibu siku nzima ya kazi. Basi mtu hungoja lori lililojaa, linalopanda pole pole, akashika chuma cha nyuma kwa mkono mmoja na usukani kwa mkono wa pili. Nyuma ya lori moja utaona watatu, wanne, watano. Tueleze wazi kwa nini jambo hili huua. Kwanza, aliyeshika nyuma ya lori haoni shimo mpaka tairi lake limeingia ndani yake. Pili, lori lenye mzigo likibadilisha gia mlimani hupoteza mwendo ghafula, na mara nyingine hurudi nyuma kidogo; hicho kidogo chatosha. Tatu, mkono mmoja haushiki breki mbili. Tena kuna moshi, ambao mtu huuvuta kwa saa nzima uso ukiwa karibu na bomba, lakini moshi hauhesabiwi na mtu kwa sababu hauui siku ile ile.

Twasikia watu mjini wakisema hawa ni wajinga, hawapendi maisha yao. Sisi twakataa. Mchukuzi hulipwa kwa safari, halipwi kwa siku. Akisukuma kwa mguu atafanya safari moja kwa siku mbili. Akishika lori hufanya safari kila siku. Bei ya safari imepangwa kana kwamba lori lipo. Mwenye mzigo anajua hivyo, na utingo anajua, maana wapo wanaodai kitu kidogo ili wasimfukuze mtu. Kwa hiyo hatari hiyo imo ndani ya bei.

Tulikwenda kumwona mwenzetu mmoja aliyevunjika paja kwenye barabara hiyo. Baiskeli haikuwa yake, alikuwa ameikodi. Mwenye baiskeli alikuja mara moja tu, akauliza chombo kiko wapi. Baadaye alikata bei ya rimu na uma katika malipo ambayo alikuwa bado hajamlipa. Mfanyakazi wa kiwandani ana tajiri wa kumwandikisha INSS. Yeye hakuwa na wa kumwandikisha. Waliomlisha wiki zile ni wachukuzi wenzake wa Buyenzi, kila mmoja alitoa alichokuwa nacho.

Barabara ya pili ni RN5, inayopanda bonde la Rusizi kwenda Gihanga na Cibitoke, takriban kilomita 60. Hapa hakuna mlima, na watu huidharau. Ni nchi ya Imbo, tambarare, yenye mashamba ya mpunga, na mito inayoteremka kutoka milimani kuutafuta Rusizi: Mpanda, Kajeke, Kaburantwa. Upande wa mto ndipo ilipo hifadhi ya taifa ya Rusizi, yenye mikoche mirefu, nyani na ndege wengi. Wageni hulipa kuiona. Mchukuzi huipita bure, lakini akiwa ameinamisha kichwa, maana adui wa RN5 ni jua na upepo. Mchana nchi kavu ikipata moto, upepo hutoka ziwani kuingia bondeni. Anayerudi mjini na ndizi za Cibitoke alasiri hukutana nao usoni, na mkungu wa ndizi ni kama tanga. Waliozoea huondoka kabla ya mapambazuko ili wawe wamefika mjini kabla ya saa sita.

Jambo moja la hifadhi lieleweke. Kuni au miti iliyokatwa ndani ya hifadhi ni mzigo wa hatari, na wa kwanza kushikwa ni aliye na baiskeli, hata kama mali si yake. Uliza mzigo umetoka wapi kabla ya kufunga kamba. Na msioshe baiskeli mtoni. Habari za mamba yule waliyembatiza Gustave zimetiwa chumvi nyingi, lakini mamba wenyewe wapo.

RN4 ya kwenda Gatumba na mpaka wa Kongo ni fupi, nasi hatutaikalia sana. Hupita karibu na mdomo wa Rusizi, sehemu ya pili ya hifadhi, na usiku viboko hutoka kula majani mpaka kando ya lami. Kiboko haoneki vizuri na hakimbiliwi kwa baiskeli yenye mzigo. Mwaka 2020 Rusizi uliifurikia Gatumba, na mwaka 2024 ziwa lilipanda likaleta maji tena. Pahali palipofunikwa na maji pasipitwe kwa kukisia. Ile ya Rumonge, RN3, tunaiacha kwa wenzetu wa Kanyosha, wanaijua kuliko sisi.

Mwisho wa barabara zote ni mjini, na mjini tangu Machi 2022 baiskeli za uchukuzi, pikipiki na bajaji zilikatazwa kuingia katikati. Sababu iliyotolewa ni ajali. Tangu siku zile mzigo hushushwa pembeni na kulipiwa mchukuzi mwingine, na fedha hiyo hutoka katika bei ile ile ya safari.

Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake namba 128 la mwaka 1967, lilitaka mzigo unaobebwa na mwanamume kwa mikono usizidi kilo 55. Baiskeli si bega, twakubali. Lakini kilo 120 juu ya raba nne nazo zastahili kuwa na kikomo.

Tawini tumegawanyika. Wako wanaotaka tuweke bei moja ya Bugarama, yenye kutosha kwa mtu asiyeshika lori, na raba mpya zilipiwe na mwenye mzigo. Wako wanaosema bei ikipanda, mwenye mzigo atamchukua kijana mwingine aliyeshuka jana kutoka kijijini, asiye mwanachama. Hofu hiyo ni ya kweli. Kwa hiyo tumeanza kwenda Bugarama wenyewe, asubuhi, kuzungumza na vijana hao kabla hawajafunga mzigo.